Kupotea kwa Sumaku: Chuma, Kobalti na Nikeli katika Fuawe za Almasi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la elimu ya fizikia ambalo liliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka sitini, na ambalo lina fundisho hata kwetu sisi tulio wachunguzi wa lugha. Swali lenyewe ni fupi. Kipande cha chuma kikibanwa kwa nguvu nyingi kupita kiasi, sumaku yake hupotea au hubaki? Na ikiwa hupotea, ni kitu gani hasa kilichopotea? Sehemu ya kwanza ya swali ilipata jibu mapema. Sehemu ya pili ilingoja mpaka zilipokutana ala mbili, yaani fuawe ya almasi na nuru ya eksirei itokayo katika mtambo uitwao sinkrotroni. Jibu lililopatikana laonyesha kwamba neno sumaku, kama tulitumiavyo katika Kiswahili, limebeba maana zaidi ya moja, na kwamba maana hizo zaweza kutengana ndani ya kipande kimoja cha chuma.

I. Maneno yatakayotumika

Mtu asemapo sumaku, aghalabu ana maana ya kitu chenyewe, kile kipande kivutacho misumari. Pengine ana maana ya tabia ya kitu hicho, kama asemapo kwamba wembe "umeingia sumaku". Tena mwalimu wa fizikia aelezapo darasani kwamba kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo, anaongeza maana ya tatu. Katika maisha ya kila siku hapana haja ya kuzitenga maana hizi, maana kitu, tabia na chembe huenda pamoja. Katika habari tutakazozieleza hazikwenda pamoja. Kwa hiyo kitu chenyewe nitakiita sumaku, tabia ya kipande kizima nitaiita usumaku, na ile sumaku ndogo iliyomo katika atomi moja nitaiita sumaku ya atomi.

Kadhalika, msukumo wowote nitauita kani, na msukumo huo ukigawanywa kwa eneo unaloliangukia nitauita kanieneo. Neno shinikizo ni zuri, walakini limekwisha kuzoewa mno katika mambo ya siasa na ya kulazimishana, ilhali neno kanieneo limejifafanua lenyewe. Kizio cha kupimia kitakuwa gigapaskali. Gigapaskali moja ni karibu mara 10,000 ya kanieneo ya hewa tuivutayo tukiwa pwani. Katika kina kikubwa kupita vyote vya bahari kanieneo haifiki hata gigapaskali 0.12, na katika kitovu cha Dunia ni karibu gigapaskali 360. Msomaji akiziweka tarakimu hizo mbili akilini ataweza kuzipima zote zitakazofuata.

II. Njia mbili za kupotea

Kila elektroni ni kana kwamba ina sumaku yake ndogo, ielekeayo ama juu ama chini. Katika vitu vingi elektroni hukaa jozi jozi, moja ikielekea juu na mwenziwe chini, nazo hufutana. Katika chuma, kobalti na nikeli baadhi ya elektroni hubaki bila mwenzi, na kwa sababu hiyo atomi huwa na sumaku yake. Hata hivyo, kuwapo kwa sumaku za atomi peke yake hakuufanyi usumaku. Sharti zielekee upande mmoja.

Mfano ufaao ni wa watu waliosimama kwa sala. Kila mtu ana uso wake. Lakini tuwaonapo wote wameelekea kibla, hapo ndipo tusemapo kwamba safu imesimama. Safu hiyo yaweza kuvunjika kwa njia mbili zilizo mbali kabisa. Yaweza kuvunjika kwa sababu watu wangalipo, ila kila mmoja amegeukia upande wake, kama watu wa sokoni. Au yaweza kuvunjika kwa sababu watu wenyewe wameondoka.

Joto huivunja safu kwa njia ya kwanza. Pierre Curie alichunguza jambo hili katika kazi yake ya mwaka 1895, na mpaka leo kiwango cha joto ambacho usumaku wa kitu hupotea huitwa kwa jina lake. Kwa chuma kiwango hicho ni nyuzi 770 za Selsiasi. Chuma kikipita hapo hakivuti tena, ingawa sumaku za atomi zake zimo, zinageuka-geuka tu bila mwelekeo mmoja. Kikipoa, mpangilio hurejea.

Kanieneo ina desturi nyingine. Atomi zikisukumwa zikaribiane, elektroni za nje za atomi moja huchanganyika zaidi na za jirani yake, na viwango vya nishati zinavyovikalia hutanuka. Katika hali ya kawaida atomi hupata faida ya nishati kwa kuziacha baadhi ya elektroni zielekee upande mmoja bila jozi. Viwango vikitanuka, gharama ya kufanya hivyo huipita faida, na elektroni huanza kuoana. Sumaku ya atomi hupungua yenyewe mpaka iishe. Huku ndiko kuondoka kwa watu, wala si kugeuka kwao.

Hivi ndivyo nadharia ilivyosema. Lakini chuma kilichopoteza mpangilio na chuma kilichopoteza sumaku za atomi zake hufanana kwa nje, kwa kuwa vyote viwili havivuti msumari. Ili kuvitofautisha palitakiwa ala ya kuchungulia ndani, tena wakati chuma kingali kimebanwa, kwa sababu kanieneo ikiondolewa kila kitu hurudi kilivyokuwa.

III. Fuawe

Baba wa elimu ya kanieneo kubwa ni Percy Bridgman wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1946 kwa mitambo yake ya kubana vitu. Mitambo yake ilikuwa ya metali ngumu, nayo haikuruhusu jicho wala nuru kupenya. Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1958 katika Ofisi ya Taifa ya Vipimo huko Washington, ambako Charles Weir, Ellis Lippincott, Alvin Van Valkenburg na Elmer Bunting walitumia almasi mbili badala ya metali. Almasi hupita vitu vingine vya asili kwa ugumu, na juu ya hayo nuru hupenya ndani yake. Kwa sifa hizo mbili iliwezekana kukibana kitu na kukitazama kwa wakati mmoja.

Ala yenyewe ni ndogo; yaweza kushikwa mkononi. Almasi mbili huelekezana ncha kwa ncha, nazo ncha hizo zimekatwa zikawa bapa, kama fuawe mbili za mhunzi zikitazamana. Siri iko katika udogo wa eneo. Tuseme ncha ina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtu wa kilo 80 akisimama juu ya ncha hiyo, na uzito wake wote ukaangukia hapo, kanieneo itakuwa gigapaskali 100, yaani mara milioni moja hivi ya ile ya hewa. Kwa hiyo hapana haja ya jitu wala ya mtambo mkubwa. Skrubu chache zikikazwa kwa mkono zatosha.

Kati ya ncha mbili huwekwa gasketi ya metali ngumu, nayo hutobolewa katikati tundu dogo. Tundu hilo ndilo chumba cha kazi. Ndani yake hutiwa kipande cha kitu kichunguzwacho, hutiwa na heliamu au neoni ili kanieneo igawanyike sawa pande zote, na hutiwa chembe ya yakuti nyekundu. Yakuti hii ni kipimio. Ikimulikwa hutoa nuru nyekundu, na rangi ya nuru hiyo husogea kidogo kidogo kadiri kanieneo inavyozidi. Njia hii ya kupima ilipatikana mwaka 1972 katika ofisi ile ile ya vipimo.

IV. Nuru

Hapa ndipo palipokuwa na shida. Kipande kilicho tunduni ni kidogo kuliko punje ya chumvi, kimezungukwa na gasketi, na juu na chini kimefunikwa na almasi. Ala za kawaida za kupimia usumaku hupokea habari za vitu vyote hivyo kwa pamoja, na sauti ya kipande humezwa na sauti ya vyombo vyake. Ilitakiwa nuru ya namna ya pekee: iwe na uwezo wa kupenya almasi, iwe nyembamba hata ipite ndani ya tundu bila kugusa kingo, iweze kuchaguliwa kwa nishati ili izungumze na atomi za chuma peke yake, na zaidi ya yote iweze kuchukua habari za usumaku na kutoka nazo.

Eksirei zitoazo habari za usumaku wa chuma, kobalti na nikeli kwa uwazi zaidi ni zile za nishati ndogo, kati ya elektronivolti 700 na 900 hivi. Kwa bahati mbaya hizo haziwezi kupenya almasi. Zinazopenya ni zile zenye nishati mara kumi zaidi. Chuma humeza eksirei zaidi kwa ghafula nishati yao ifikapo elektronivolti 7,112. Kobalti hufanya hivyo kwenye 7,709, na nikeli kwenye 8,333. Hapo kila metali hujitambulisha kwa jina lake, lakini ishara ya usumaku ni hafifu mno: tofauti itafutwayo ni kama moja katika elfu, au pungufu ya hapo. Ishara ndogo kama hiyo haipatikani kwa taa ya eksirei ya hospitali. Yataka sinkrotroni.

Sinkrotroni ni mtambo wa duara ambamo elektroni hukimbia kwa mwendo ulio karibu sawa na wa nuru, huku zikipindishwa njia kwa sumaku kubwa. Kila elektroni ipindapo hutupa nuru mbele yake. Nuru hiyo ilionekana kwa macho mara ya kwanza mwaka 1947 katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, New York. Wachunguzi wa chembe waliiona kuwa hasara, maana iliwaibia elektroni zao nishati. Baadaye hasara hiyo ikawa ndiyo bidhaa yenyewe. Mtambo wa Grenoble, Ufaransa, ulianza kuwapokea watafiti mwaka 1994. Njia yake ina mzingo wa mita 844, na elektroni huizunguka zaidi ya mara 350,000 kwa sekunde. Mtambo wa SPring-8 wa Japani, ulioanza kazi mwaka 1997, una mzingo wa mita 1,436, na ule wa Argonne karibu na Chicago mita 1,104. Msomaji ataona kwamba ni sumaku hizo hizo zitoazo nuru ya kuchunguzia sumaku.

V. Maswali matatu kwa kipande kimoja

Kwa nuru hii kipande kilichobanwa chaweza kuulizwa maswali matatu, na ni muhimu kuyatenga, kwa sababu hayaulizi jambo moja.

Swali la kwanza huulizwa kwa nuru iliyosokotwa. Mawimbi ya eksirei yaweza kufanywa yajisokote kama kamba isokotwavyo, ama kwa kulia ama kwa kushoto. Chuma chenye usumaku humeza msokoto mmoja zaidi kidogo ya mwingine. Kisicho na usumaku humeza yote sawasawa. Gisela Schütz na wenzake walilithibitisha jambo hili kwa chuma mwaka 1987 huko Hamburg. Njia hii hutazama safu: yauliza kama watu wameelekea upande mmoja. Ikiwa nusu wameelekea huku na nusu kule, jibu ni sufuri, hata kama wote wapo.

Swali la pili huulizwa kwa kuisikiliza nuru ambayo atomi yenyewe huitoa. Eksirei hung'oa elektroni moja ya ndani kabisa, na nyingine ya nje zaidi huanguka kujaza pengo, ikitoa eksirei yake. Nuru hiyo ina mstari mkubwa, na kando yake kuna mstari mdogo wa nishati pungufu. Mstari mdogo huwa na nguvu pindi atomi ina elektroni nyingi zisizo na jozi, nao hufifia kadiri elektroni hizo zinavyooana. Njia hii huhesabu watu na haijali wameelekea wapi.

Swali la tatu huulizwa kiini cha atomi. Mwaka 1958 Rudolf Mössbauer aligundua kwamba kiini kilichoshikwa imara ndani ya fuwele chaweza kupokea na kutoa nuru bila kurudi nyuma, na kwa hiyo nishati ya nuru hiyo hujulikana kwa usahihi wa ajabu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kiini cha chuma cha namna 57 hufanya hivyo kwa nuru ya elektronivolti 14,400 hivi. Elektroni za atomi zikiwa na sumaku, kiini huisikia, na mstari wake mmoja hupasuka ukawa mistari sita. Zamani nuru hiyo ilitoka katika kobalti yenye unururifu. Mwaka 1985 Erich Gerdau na wenzake huko Hamburg walifaulu kuitoa katika sinkrotroni. Lakini kiini kina saa yake, nayo si ya haraka. Sumaku ya atomi ikigeuka-geuka upesi kuliko saa hiyo, kiini huona wastani tu, nao ni sufuri. Ni kama picha iliyopigwa polepole: mtu asiyetulia haonekani uso.

VI. Majibu

Mwaka 1956 wachunguzi wa Los Alamos, Marekani, walipokuwa wakipiga chuma kwa mishindo ya baruti waliona kwamba kwenye gigapaskali 13 hivi chuma hubadilika ghafula. Mwaka 1962 picha za eksirei zilionyesha kwamba atomi zake hujipanga upya: katika chuma cha kawaida kila atomi ina majirani wanane wa karibu, na katika chuma kipya ina kumi na wawili, wamebanana kama machungwa yaliyopangwa vizuri sokoni. Mwaka 1963 Nicol na Jura wa California wakatumia njia ya Mössbauer, nao wakaona mistari sita ya chuma cha kawaida ikitoa nafasi kwa mstari mmoja. Hivyo sehemu ya kwanza ya swali letu ilijibiwa: chuma kikibanwa hupoteza usumaku wake, na hupoteza wakati ule ule kinapobadili mpangilio wa atomi.

Je, ni wakati ule ule kweli? Mwaka 2004 Olivier Mathon na wenzake, wakitumia mtambo wa Grenoble, walipima usumaku kwa nuru iliyosokotwa na mpangilio wa atomi katika kipande kile kile kwa wakati mmoja. Waliarifu kwamba usumaku huanza kuondoka mbele kidogo ya mpangilio. Kama ndivyo, kupotea kwa usumaku hakukuwa matokeo tu ya badiliko la umbo, bali kulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Kobalti na nikeli, majirani wa chuma, hawakufuata mwenendo huo. Mtu angetazamia kwamba metali yenye sumaku ndogo ya atomi ndiyo itakayoshindwa mapema. Sumaku ya atomi ya nikeli ni kama robo tu ya ile ya chuma. Lakini mwaka 2011 Raffaella Torchio na wenzake waliibana nikeli mpaka gigapaskali 200, nayo ikabaki na usumaku. Mwaka 2013 njia ya kiini ilionyesha kwamba hata kwenye gigapaskali 260 haikuusalimisha. Kobalti ilipungua polepole, na ilipokaribia gigapaskali 120 ishara yake ilikuwa imekwisha. Basi mwenye nyingi alitoa kwanza, na mwenye chache alishika mpaka mwisho. Sababu iko katika umbo: chuma hubadili mpangilio wa atomi mapema na kuingia katika ule usiofaa usumaku, ilhali nikeli haibadili mpangilio wake hata kidogo, na viwango vyake vya nishati hutanuka taratibu mno.

Ama kuhusu sehemu ya pili ya swali, jibu lilipokuja halikuwa lile lililotazamiwa. Chuma kilichopita gigapaskali 13 kilikwisha kuandikwa vitabuni kuwa hakina sumaku: nuru iliyosokotwa ilisema hapana, na kiini kilisema hapana. Mwaka 2019 Blair Lebert na wenzake walikiuliza chuma hicho kwa njia ya pili, ile ihesabuyo watu, nacho kikajibu kwamba sumaku za atomi zimo bado, ingawa zimepungua, nazo hazimaliziki mpaka kati ya gigapaskali 30 na 40. Watafiti hao walitafuta pia mpangilio wowote kwa kutumia nyutroni, wakikipoza chuma mpaka chini ya nyuzi 2 juu ya sufuri kamili, wasiuone. Kwa maneno ya mfano wetu, safu ilivunjika kwenye 13, lakini watu hawakuondoka mpaka walipofika 30 na kitu. Katikati kuna chuma ambacho si sumaku, tena si kitu kisicho na sumaku.

Ufa huu kati ya 13 na 40 si jambo dogo. Mwaka 2001 Katsuya Shimizu na wenzake wa Japani waligundua kwamba chuma kilichobanwa kati ya gigapaskali 15 na 30 na kupozwa chini ya nyuzi 2 juu ya sufuri kamili hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Jambo hilo lilistaajabisha, kwa kuwa usumaku na upitishaji wa namna hiyo kwa kawaida ni mahasimu. Sasa yaonekana kwamba upitishaji huo wakaa mahali pale pale ambapo sumaku za atomi zimebaki bila mpangilio, na wapo wataalamu wanaofikiri kwamba kugeuka-geuka kwa sumaku hizo ndiko kunakoziunganisha elektroni jozi jozi. Mjadala haujafungwa. Walakini usingaliweza hata kufunguliwa kama watafiti wangaliridhika na usemi kwamba chuma "kimepoteza sumaku".

VII. Dunia iliyo chini yetu

Huenda msomaji akauliza mambo haya yana maana gani nje ya maabara. Kiini cha Dunia ni chuma kwa sehemu kubwa, pamoja na nikeli, na dira za mabaharia huelekea kaskazini kwa nguvu itokayo huko. Ni rahisi kudhani kwamba chini kuna sumaku kubwa ya chuma. Dhana hiyo yavunjwa mara mbili: joto la kiini hupita nyuzi 5,000, mbali sana na 770, na kanieneo yake yahesabiwa kwa mamia ya gigapaskali. Kiini hakina safu. Nguvu ya dira hutokana na mikondo ya chuma kilichoyeyuka katika sehemu ya nje ya kiini, iendayo na kuzalisha umeme.

Juu ya kiini kuna tabaka nene la miamba, na ndani yake mna madini ya oksidi ya magnesi yenye chuma kidogo. Mwaka 2003 James Badro na wenzake waliyabana madini hayo na kuyauliza kwa njia ya pili. Kati ya gigapaskali 60 na 70 elektroni za chuma zilioana na sumaku za atomi zikatoweka. Hapa usumaku wa kipande kizima haukuhusika kabisa, maana katika joto la huko hapana mpangilio wa kupotea. Lakini atomi ya chuma ambayo elektroni zake zimeoana huwa ndogo kuliko ilivyokuwa, na kwa hiyo madini huwa mazito zaidi kwa ujazo ule ule. Hayo ni mambo ambayo mtu achunguzaye mitetemeko ya ardhi hana budi kuyatia katika hesabu yake. Na hilo ni badiliko la sumaku katika kitu ambacho mtu wa kawaida asingalikiita sumaku kamwe.

VIII. Lugha

Sasa turudi kwenye maneno. Sentensi "chuma hupoteza sumaku yake" huandikwa kwa ajili ya joto na kwa ajili ya kanieneo bila kubagua. Mwanafunzi aisomaye atafikiri kwamba jambo ni lile lile, naye hatalaumika, maana lugha aliyopewa haikumpa njia ya kufikiri vingine. Wala upungufu huu si wa Kiswahili peke yake. Hata lugha za watafiti wenyewe ziliridhika na kauli moja kwa miaka mingi.

Napendekeza basi, kwa waandishi wa vitabu vya shule na kwa watunga kamusi, kwamba upotevu huu uelezwe kwa vitenzi viwili. Kwa joto, tuseme usumaku umetawanyika, kwa kuwa kilichopotea ni mpangilio, na kilichotawanyika chaweza kukusanyika. Kwa kanieneo, tuseme sumaku ya atomi imefifia, kwa kuwa kilichopungua ni chembe yenyewe. Kwa chuma kilicho kati ya gigapaskali 13 na 40 vitenzi vyote viwili vyahitajika, kimoja kwa lililokwisha kutendeka na kingine kwa linaloendelea: usumaku umetawanyika, na sumaku ya atomi inafifia. Sentensi hiyo ni ya Kiswahili cha kawaida, na inasema kwa usahihi jambo ambalo lilithibitika mwaka 2019 tu.

Yako mengine yanayongoja jina. Ule msokoto wa nuru nimeueleza kwa mfano wa kamba, na ile saa ya kiini kwa mfano wa picha, lakini mifano si istilahi. Kazi ya kuyapatia majina ni yetu sote, na itakuwa nyepesi iwapo mwanafizikia na mwanaisimu watakaa meza moja kabla neno la kigeni halijapata mazoea. Kwa sumaku na usumaku, hata hivyo, hapana haja ya kungoja. Maneno tunayo, kilichobaki ni kuyatumia kila moja mahali pake.